Farasi wangu anageuka kunitazama nikifunga kamba ya pili. Nifanyeje?

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Mbarara. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja karibu na Ziwa Mburo, wageni wanakuja kupanda farasi waone pundamilia na swala. Tumeletewa farasi jike wa miaka minne kutoka Kenya, hajawahi kupandwa. Bosi amesema nimfundishe kwa kamba mbili ndefu, nikitembea nyuma yake, kabla mtu hajampanda. Kwa kamba moja anazunguka vizuri sana. Nikifunga ya pili tu, anageuka ananitazama uso kwa uso, kamba zinamviringa, na juzi alishtuka akaruka mpaka nikaachia. Natumia kamba za kufungia ng'ombe. Je, huyu ni mkaidi? Nianzie wapi? Lazima awe na lijamu, kile chuma cha mdomoni? Bosi anataka abebe wageni Desemba."

Ndugu yangu, huyo jike hana ukaidi wowote. Anakutii. Tangu akiwa mdogo amefundishwa kwamba mtu akisimama ubavuni na kuvuta kamba, yeye ageuze kichwa na kumfuata. Wewe mwenyewe umelikazia somo hilo: umemzungusha kwa kamba moja, na kila mkimaliza unamvuta katikati unamkuna paji la uso. Leo umeongeza kamba ya pili, inapita nyuma ya mapaja, inamgusa asipopaona. Anaingiwa na wasiwasi, na farasi akiingiwa na wasiwasi hukimbilia jibu analolijua. Anageuka kwako. Nawe, kwa kuogopa asikuponyoke, unakaza mikono yote miwili. Kwa kuwa kamba ya ndani ndiyo fupi, hiyo ndiyo inayomvuta zaidi. Kwa hiyo umemwita, amekuja, na akifika anakuta unamgombeza.

Kazi yako basi iko kwenye kamba ya nje, ile ya upande usiosimama wewe. Farasi wengi wanaoharibika kwenye kamba mbili wanaharibikia hapo, na wanaharibika siku ya kwanza. Mtu anafunga zote mbili kwa pamoja, anakwenda nyuma, anapiga ulimi, anaomba Mungu. Wewe tutakurudisha nyuma kidogo.

Lakini kwanza kamba zenyewe. Hizo za ng'ombe weka kando. Ya katani ni ngumu, ikilowa umande inakuwa nzito, na inachubua ngozi ya mapaja. Ya nailoni ni mbaya zaidi, kwa sababu ikipita kwa kasi kiganjani inaunguza kama moto, na mtu aliyeungua mkono hawezi tena kuwa na mkono mwepesi. Tafuta mkanda bapa wa pamba, upana wa vidole viwili, kila mmoja urefu wa mita nane hadi tisa. Ukikosa pamba, turubai laini inafaa. Fundi viatu yeyote mjini atakushonea. Usiunganishe kwa mafundo, maana fundo hunasa kwenye pete wakati ule ule ambao hutaki linase. Upande wa farasi weka kulabu ndogo nyepesi. Upande wako acha ncha wazi: hakuna kitanzi cha kutia mkono, na ncha mbili zisifungwe pamoja. Farasi akikushinda nguvu, unataka kamba iteleze itoke, isikuburute vichakani. Vaa glavu na viatu vilivyofunika vidole. Ndala ziache nyumbani.

Kamba zinahitaji pa kupitia ubavuni. Kama shamba lina ule mkanda wa kuzunguka kifua wenye pete, utumie. Kama hauna, tandiko litafanya kazi hiyo: pandisha vikuku, vile vyuma vya kukanyagia mpandaji, mpaka viwe vifupi, kisha vifunge kimoja kwa kingine kwa kamba nyembamba inayopita chini ya tumbo, visibembee wala kumpiga mbavuni. Kamba ikipita kwenye kikuku kilichofungwa hivyo, inakaa chini, inazunguka mapaja juu kidogo ya kifundo cha mguu wa nyuma, na hairuki juu ya mgongo. Usiruke hatua hii ya kuvifunga.

Sasa farasi. Siku za mwanzo usipitishe kamba popote. Mwombe mwenzako asimame kichwani ameshika hatamu kwa ulegevu, wewe simama begani. Chukua kamba moja laini, umsugue nayo shingo, mgongo, kiuno, kisha iache iteremke polepole kwenye paja. Mtazame mkia. Farasi akiogopa anaubana mkia kwa nguvu, misuli ya paja inakakamaa, na sikio la upande wako linabaki limekuelekea halitikisiki. Anaweza kuinua mguu au kupiga teke hewani. Usiiondoe kamba wakati huo. Iache pale pale, bila kuikaza, bila kusema neno kali, mpaka mkia ulegee, ashushe shingo, alambe midomo au apige pumzi ndefu. Hapo hapo iondoe. Kile kitendo cha kuondoa ndicho kinachomfundisha. Ukiiondoa akiwa bado anarusha teke, umemfundisha kwamba teke linaondoa kamba, na hilo farasi hulishika upesi kuliko mambo yote.

Rudia mpaka kamba iweze kuzunguka miguu ya nyuma, ipite chini ya mkia, iguse vifundo, naye anaendelea kutafuna. Chini ya mkia kunahitaji subira kuliko kwingine: farasi asiyezoea akihisi kitu pale anabana mkia, kamba inanasa, anashtuka, anakimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo kamba inavyozidi kumsugua. Pia kagua kama ana kupe. Huko kwenu kupe hawakosi, na hupenda kukaa chini ya mkia na kwenye nyonga. Kidonda cha kupe kikiguswa na kamba hata farasi mpole atarusha. Halafu nenda upande wa pili uanze upya kana kwamba hujafanya kitu, kwa sababu alichokizoea upande wa kushoto hakijawa chake upande wa kulia. Mafarasi wanaotoka kwenye mikono ya watu wa mbio, kama wengi wanaotujia kutoka Nairobi, wamezoea kushikwa, kutandikwa na kupandwa kutoka kushoto. Upande wa kulia wengine ni wageni kabisa.

Akishatulia, mrudishe kwenye mzunguko anaoujua. Kamba ya ndani ifunge kwenye pete ya pembeni ya hatamu isiyo na chuma, ije moja kwa moja mkononi mwako. Ya nje ifunge pete ya upande wa pili, lakini usiipitishe nyuma ya mapaja. Ipitishe juu ya mgongo, mbele ya tandiko, ikufikie. Mzungushe kama kawaida, kwa hatua za kutembea. Kila baada ya muda vuta kidogo ile ya nje kwa vidole, mpaka aone kwamba kuna mtu pia upande ule. Ukiona sikio lake la nje linageuka kidogo ukigusa, amekusikia. Mizunguko michache ya namna hii ina faida kuliko asubuhi nzima ya kuvutana.

Ndipo uipitishe ya nje kwenye kikuku cha upande wake na kuiacha iteremke nyuma, juu ya vifundo. Tegemea ataruka mbele. Mwache aende. Achia kamba itoke mikononi, songa naye, mwongeleshe kwa sauti ile ile ya kila siku. Ukikaza kwa hofu, unambana nyuma na mbele kwa pamoja, na farasi aliyebanwa pande zote hubakiwa na njia moja tu, ya kwenda juu.

Na akigeuka kukutazama? Tazama miguu yako kwanza. Nina hakika unasimama sambamba na bega lake, pengine mbele zaidi, kwa sababu kwa kamba moja ukisimama hapo hakuna kinachoharibika. Kwa kamba mbili nafasi yako ni sambamba na nyonga. Ukiona pua inaanza kuingia ndani, tembea kuelekea nyonga yake kama mtu anayemsukuma mbele, legeza ya ndani, kisha ya nje ikaze polepole mpaka pua irudi njiani. Akiisharudi tu, legeza. Ukifanya mapema, pua ikiwa imeingia kwa upana wa kiganja, ni jambo la kidole kimoja. Ukingoja mpaka ageuke kabisa, huna tena kamba ya nje, imekwisha kumviringa. Hapo sema "simama", dondosha kamba ya nje chini, mfuate kichwani kwa kupita ubavuni, umfungue taratibu, umrudishe kwenye mzunguko bila adhabu. Mjeledi hapo hauna somo la kufundisha. Hajui kosa lake ni lipi.

Kwenda nyuma yake kunakuja baadaye, na kunakuja kwa wizi. Tumia ua au uzio. Mkiwa kwenye mzunguko, jiache ubaki nyuma kidogo kidogo mpaka ujikute nyuma ya kiuno, farasi akitembea sambamba na uzio, mwenzako akiwa kichwani na kamba legevu. Baadaye mwenzako anahamia begani, halafu anabaki nyuma. Usikae nyuma kabisa ya mkia. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, kiasi cha digrii 350, lakini sehemu iliyo moja kwa moja nyuma yake haioni. Ukiingia hapo umetoweka machoni mwake huku kamba zako zingali kichwani mwake. Tembea pembeni kidogo, jicho moja likuone, mita mbili na nusu hadi tatu kutoka kwenye miguu. Ukitaka kuhamia upande wa pili, hama polepole huku ukiongea.

Pengine umewahi kuona picha za Vienna, kwenye ile Shule ya Kihispania ya upanda farasi, wafunzaji wakitembea wamegusana na matako ya madume meupe. Usiige. Wale wamefundishwa kwa miaka mingi, na mtu akiwa karibu kiasi kile teke halipati nafasi ya kupata nguvu. Umbali mbaya ni ule wa katikati, mita moja au moja na nusu, ambako teke linakufika likiwa limekwisha kunyooka.

Watu wa kwetu wakisikia kuendesha mnyama kutoka nyuma wanafikiria plau la ng'ombe. Kule Teso, mashariki mwa Uganda, ambako plau liliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kijana hutangulia mbele ya maksai na mwingine hushika plau, na mambo mengi huenda kwa sauti na fimbo. Farasi wa kamba mbili hana wa kumtangulia. Ndiyo maana ya zoezi zima: ajifunze kwenda mbele peke yake, ashike njia, ageuke na asimame kwa mikono, bila uzito mgongoni na bila mtu kichwani wa kumfichia dunia.

Kuhusu kugeuka, mara nyingi mtu hudhani kwenda kulia ni kuvuta kulia. Anza kwa kulegeza kushoto. Farasi akipinda kulia, ubavu wake wa kushoto unakuwa mrefu, kwa hiyo kamba ya kushoto lazima impe nafasi hiyo. Ukichukua upana wa kiganja kulia, toa upana wa kiganja kushoto. Usipotoa, umemwambia ageuke na asigeuke. Atatikisa kichwa, nawe utasema ana kiburi. Kusimama ni vivyo hivyo: funga vidole kwenye kamba zote mbili, sema neno lako kwa sauti inayoshuka, acha kutembea wewe mwenyewe, na mara akisimama fungua vidole. Kurudi nyuma usimfundishe sasa. Farasi mchanga akijua kurudi nyuma kwenye kamba mbili atalitumia hilo kila akiona kitu asichokipenda, na nyuma yake upo wewe.

Jambo dogo la shambani kwenu: kaeni wafanyakazi wote mkubaliane maneno. Asubuhi huyu anamwambia kwa Kinyankole, mchana yule kwa Kiganda, bosi kwa Kiingereza, wewe kwa Kiswahili. Chagueni sauti moja ya kwenda, moja ya kusimama, moja ya kupunguza mwendo, zisifanane, na hata mpishi akipita azitumie hizo hizo.

Umeuliza kuhusu lijamu. Kwa sasa hapana. Mahali chuma kinapokaa ni fizi tupu juu ya mfupa, ngozi yenyewe nyembamba, na kamba ya mita nane ina uzito wake hata usipovuta. Saisi anayejifunza na farasi anayejifunza wasikutane mdomoni. Tumia hatamu isiyo na chuma mpaka ageuke na kusimama bila kuvutana. Wakati huo mzoeze lijamu bandani, alivae tu huku anakula nyasi. Kabla ya kufunga kamba kwenye lijamu, mwite daktari wa mifugo amtazame meno. Akiwa na miaka minne bado anabadilisha meno: magego ya utoto yanaendelea kung'oka, na meno ya mbele ya pembeni kabisa hubadilika karibu na miaka minne na nusu. Wengine wana vile vijino vidogo mbele ya magego ambavyo chuma huvigonga. Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe, na ng'ombe hatiwi chuma mdomoni, kwa hiyo mwambie wazi unachotaka atazame.

Muda: dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha, pande zote mbili. Duara dogo lililozungukwa muda mrefu linaumiza viungo vya farasi mchanga, na ukitaka telki, ule mwendo wa kukimbia polepole, panua duara kadiri kamba zinavyoruhusu. Fanya asubuhi, jua likishapanda kidogo na kabla halijawa kali. Alfajiri na magharibi mweke ndani, maana ndizo saa za vile visubi vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua upesi. Na eneo lenu lina historia ndefu ya mbung'o na ugonjwa wao wa damu. Farasi aliyekuwa mwepesi akianza kuchoka bila sababu, akapata homa ya kuja na kuondoka, akavimba chini ya tumbo au miguuni, usimlaumu uvivu wala usimwongezee kazi. Damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Akiwa mtulivu uani, mtoe nje. Hapa ndipo kamba mbili zinapolipa. Mpeleke kwenye njia ya murram, apite kando ya migomba, akutane na kavera, mfuko wa plastiki, iliyonasa kwenye seng'enge, bodaboda inayopanda kilima na mikungu ya matoke, kundi la ng'ombe wa Ankole na pembe zao. Mwanzo mchukue mwenzako atembee ubavuni na kamba ya ziada, na msubiri siku isiyo na upepo. Akisimama kukitazama kitu, mwache atazame. Usimpige ulimi mfululizo. Akishusha kichwa, mwombe hatua moja. Akijaribu kugeuka kurudi nyumbani, unayo tayari kamba ya nje na umekwisha kumfundisha maana yake. Akichomoka kwa shoti, mwingize kwenye duara kwa kamba moja kama uwanja unaruhusu. Kama hauruhusu, fungua mikono. Farasi mtamkamata. Ukivunjika mguu huko porini, itakuwa habari nyingine.

Tabia zake za huko nje ndizo zitakazomjibu bosi wako kuhusu Desemba. Mueleze hivi: uti wa mgongo wa farasi haumalizi kukomaa mpaka afike miaka mitano na nusu au sita, na kamba mbili zinamjenga misuli ya mgongo na nyuma bila kumbebesha. Akipita kwenye kavera na bodaboda bila kugeuka, akasimama kwa neno, mtu mwepesi miongoni mwenu anaweza kumpanda, mwanzoni wewe ukiwa bado umeshika kamba mbili kwenye hatamu na mpandaji akikaa tu bila kuongoza. Kisha mpandaji aanze kuongoza, wewe ubaki na kamba moja, halafu bila kamba. Hayo yote ni kwa wafanyakazi, kwa matembezi mafupi, akiwa nyuma ya farasi mzee anayejua njia. Mgeni aliyeshuka kwenye basi jana, asiyejua kushika hatamu na mwenye kilo themanini, asimkaribie mwaka huu. Kama bosi anahitaji farasi wa Desemba, anunue au akodi mwingine aliyekwisha kupandwa, na huyu jike umwambie ukweli kwamba hayumo kwenye hesabu hiyo.

Kesho asubuhi anza na kamba moja laini na mkia wake. Ukiona anaubana upande mmoja tu, niandikie ni upande gani na kama kuna kidonda; hilo lina jibu lake tofauti.